Grisi ya Rangi ya Maziwa

Mtu aliyetaka kununua tela letu alipanga kuanza kwa kuling'oa magurudumu. Alisema hivyo akiwa amekaa sebuleni kwangu, Kihesa, anakunywa chai yangu, tena sukari ameiongeza mwenyewe. Angeliweka juu ya matofali karibu na stendi, atoboe dirisha kubwa ubavuni, auze chipsi na mayai. Mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye aliyemleta, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mkono wa kulia umelala mapajani, anamtazama mgeni. Mimi niliinuka nikachukua kikombe cha mgeni kikiwa bado nusu.

"Chai imepoa," nikamwambia. "Na tela haliuzwi."

Sina sifa ya upole. Marehemu mama yangu, Mhehe wa Kalenga, mwanamke ambaye hakucheka ovyo, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akapata kazi ya kunifungua vidole. Mgeni alinielewa haraka, akaaga. Mwanangu alibaki.

Tela lenyewe si la kubebea magunia. Ni kinyumba cha bati jepesi juu ya magurudumu mawili, ndani kina vitanda vya kukunja, jiko la gesi, kabati, na meza ninapoweka cherehani. Wajenzi wa barabara walikuwa wanalala humo. Kambi yao ilipofungwa vitu vikapigwa mnada, na mume wangu akarudi nyumbani analikokota. Nilimuuliza kama kuanzia siku hiyo sisi ni konokono. Baadaye nikanyamaza, kwa sababu tela lile ndilo lililotulisha. Kila kiangazi, masoko ya tumbaku yakifunguliwa, tulilifunga nyuma ya pikapu tukaondoka Iringa na vitenge, kanga na mashuka. Tulisimama Mafinga, tukachepuka kwenda Mgololo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, tukarudi barabara kuu, Makambako, Mbeya, kisha tukavuka milima kwenda Chunya. Chunya ndiko kwenye biashara: wakulima wa tumbaku wamelipwa, wachimbaji wa dhahabu wamepata, na kila mtu anataka nguo yake ishonwe leo leo. Mume wangu anauza, mimi nashona, jioni tunapika na kulala humo humo, pembeni ya uwanja wa mnada. Watoto wetu wamesomeshwa na tela hilo, na huyu aliyeleta mnunuzi ndiye aliyesoma kuliko wenzake.

Kisha kiharusi kikampiga mume wangu. Mguu ulirudi, wa kuburuta. Ulimi ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi.

"Mama, nisikilize," mwanangu alisema mgeni alipoondoka. "Baba akianguka kule Chunya utafanyaje? Na hayo magurudumu ndiyo usiseme. Kila mwaka mnarudi yanalia. Baba alikuwa anayafungua mwenyewe. Sasa nani atayafungua?"

Hakuwa mjinga, na alikuwa anasema kweli. Kila mwaka tela lilitoka nyumbani kimya na kurudi linaunguruma. Sauti ilianza Makambako, nzito, ya chini, na kufika Iringa ilikuwa inasikika kabla hatujakata kona. Mwaka mmoja gurudumu liligoma kabisa karibu na Ifunda, tukakaa kando ya barabara mpaka mume wangu alipolifungua na kukuta beringi zimesagika. Lakini nilipomtazama mwanangu akizungumza juu ya kichwa cha baba yake, kana kwamba yule mzee ni kabati, damu ilinichemka.

"Mimi nitayafungua," nikasema. "Tunakwenda Chunya na tunarudi. Likirudi hapa linalia, naliuza mwenyewe, na huyo bwana wako nitamkaangia chipsi za kwanza kwa mkono wangu."

"Umesema, mama?"

"Nimesema."

Kuendesha pikapu na kubadili tairi nilijua. Kufungua habu, lile bakuli la chuma lililoko katikati ya gurudumu, sikuwahi, kwa sababu mume wangu hakupenda mtu mwingine aguse. Tulianza asubuhi, baada ya chai. Nilivaa suruali yake ya kazi, nikafunga kanga kiunoni, nikaweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, nikapiga jeki. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki na bakora yake, anaelekeza. Maneno yalimtoka moja moja, kwa hiyo hakuweza kunifokea vizuri, na nadhani hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

"Kifuniko," akasema. "Gonga... pembeni. Pole pole."

Nikakigonga kifuniko cha katikati mpaka kikatoka. Ndani kuna pini inayoizuia nati isijifungue. Nikaichomoa kwa koleo. Nikafungua nati, nikaivuta habu kwangu, na beringi ya nje ikanidondokea kiganjani. Ni pete ya chuma iliyojaa rola ndogo zinazozunguka. Kila gurudumu lina beringi ya nje na ya ndani, na uzito wote wa nyumba yetu unatembea juu ya rola hizo. Zinaishi kwa grisi. Nyuma kabisa kuna sili, pete ya mpira inayozuia grisi isitoke na uchafu usiingie.

Grisi iliyofanya kazi inatakiwa kuwa nyeusi. Hii niliyoichota kwa kidole ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, laini mno, inateleza. Beringi ilikuwa imeanza kuota kutu katikati ya rola.

Mume wangu aliinama kwenye kiti akaitazama. "Maji," akasema, akatema mate pembeni kwa hasira.

"Maji ya wapi? Kule ni kiangazi kitupu."

"Sili... feki."

Ndivyo alivyosema miaka yote. Kila mwaka tulilaumu sili, kila mwaka tuliweka sili mpya, tukahama duka hili tukaenda lile, na kila mwaka tela lilirudi linalia. Nilizunguka upande wa pili, nikafungua, nikakuta rangi ile ile ya maziwa. Nikakaa chini kwenye vumbi nikawaza. Duka moja linaweza kukuuzia kitu kibovu. Lakini maduka yote, miaka yote, magurudumu yote? Nilijua kuna jambo, ila sikujua ni lipi, na kitu kinachonishinda kukijua huwa kinaninyima raha.

Kazi yenyewe niliipenda, nisiseme uongo. Nilisafisha vyote kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu, nikakausha kwa tambara. Beringi tuliweka mpya. Grisi unaichota unaiweka kwenye kiganja cha kushoto. Beringi unaishika kwa mkono wa kulia, unabana ukingo wake kwenye kiganja, unavuta, unabana tena, mpaka grisi itokeze upande wa juu katikati ya rola. Ukipaka nje tu, kama unavyompaka mtoto mafuta, umejidanganya, ndani panabaki pakavu.

"Imejaa," nikamwonyesha.

"Tena."

"Imejaa, mzee."

"Tena."

Nikabana tena, na kweli ikatokeza mahali ambapo haikuwa imetokeza. Sikumwambia kwamba alikuwa sahihi. Nilipofika kwenye nati, nilikaza kwa nguvu zangu zote, maana ndivyo nilivyo. Bakora ikanigonga mgongoni.

"Legeza."

"Na ikifunguka njiani?"

"Kaza... huku unazungusha. Kisha legeza. Kisha... vidole tu. Kisha pini."

Nikabishana naye. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono kumwonyesha kwamba liko sawa, nalo likasota kidogo likasimama, zito. Nikalegeza nati, nikaikaza kwa vidole alivyosema, nikazungusha tena. Likaenda, likaenda, bila sauti. Mume wangu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaocheka.

"Unakaza... kama unamfungia mlango... wifi yako."

"Wifi zangu ni dada zako," nikamjibu. "Ndiyo maana nakaza."

Habari ya maji niliipata jikoni, siku iliyofuata, nikiwa naosha vyombo. Nilikuwa nimesuuza glasi kwa maji yaliyochemka nikazifunika kwenye sinia, na sinia lilikuwa na maji kidogo. Nilipotaka kuinua glasi moja ikashika. Nikainama kuitazama. Maji yalikuwa yanapanda ndani yake. Nimeliona jambo hilo tangu nikiwa msichana na sikuwahi kulijali: glasi ya moto ukiifunika kwenye maji ya baridi, ikianza kupoa inanyonya. Nilisimama pale na sabuni mikononi, nikaiona habu ya moto, na maji ya baridi, na kile kipete cha mpira kinachotakiwa kuzuia. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Kumbe ni kuosha!"

Ukivuka milima ya Mbeya, barabara inashuka sana kuelekea Chunya, na breki za tela zinashikilia mteremko wote huo mpaka magurudumu yanatoa harufu. Chini kuna kijito, na hapo wapo waosha magari wenye pampu. Mume wangu hakuwahi kupita bila kusimama. Yeye ni mtoto wa duka. Babu yake alikuja bara kutoka pwani na mtumba wa kanga begani, na kazi ya kwanza ambayo mume wangu alifundishwa, kabla ya kuhesabu, ni kufuta vumbi. Kwake, mfanyabiashara haingii mji wa watu akiwa mchafu. Mteja anaanza kukupima ungali mbali. Hata wengine wa njia ile wana desturi hiyo hiyo: mtu anashuka mlima, anaosha gari likiwa bado linafuka, anaingia mjini anang'aa. Mume wangu alizidi. Alisimamia magurudumu yamwagiwe maji mpaka chuma kimetameta, tena alianza na hayo, yakiwa ya moto.

Nilijua nikimwambia hivi hivi atakataa. Mtu aliyepoteza mkono na nusu ya ulimi hapendi kuambiwa kwamba miaka yote hiyo usafi wake ndio uliokuwa unamharibia tela. Kwa hiyo sikusema. Nilichukua sahani, nikamimina maji, nikatia rangi ya chai kidogo yaonekane, nikaiweka mbele yake. Nikachemsha maji, nikapasha glasi, nikaifunika katikati ya sahani. Tulikaa tukitazama. Maji yakaanza kupanda, taratibu, mpaka sahani ikabaki na unyevu tu.

"Habu," nikasema, nikaonyesha glasi. Nikaonyesha sahani. "Kijito."

Akaigusa glasi kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Hiyo ni glasi," akasema.

"Najua ni glasi."

"Tela... si glasi." Akanyoosha mkono wa kushoto akaongeza sauti ya redio.

Nilikasirika nikaenda jikoni kupepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha pepetwa.

Siku ya kuondoka mwanangu alisimama getini, mikono kifuani. Alimfunga baba yake mkanda, akaniambia nipige simu kila tukisimama. Nikamwambia nitapiga. Nilimpenda wakati ule kuliko alivyojua, lakini sikutaka aone, maana angedhani nimelegea.

Kila tuliposimama nilishuka kugusa habu kwa mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Vuguvugu ni salama. Ikikuchoma na hukuwa kwenye mteremko, usiondoke. Mafinga zilikuwa vuguvugu. Mgololo tuliiruka mwaka ule, nisimchoshe mgonjwa. Makambako vuguvugu. Tambarare ya Igawa, kwenye joto, nilidhani moja imezidi. Nikasubiri, nikagusa tena, nikaona ni jua tu limepiga upande ule. Mume wangu alikuwa kimya njia nzima. Nilidhani amefurahi kuiona tena barabara. Tulilala Uyole ndani ya tela, kwenye baridi ile ya Mbeya inayoingia hata kwenye soksi, na asubuhi tukapanda mlima.

Chini ya mteremko nilisimama kando ya kijito, kwa ajili ya kugusa, si kuosha. Lakini waosha magari wanalifahamu tela letu tangu mbali.

"Shikamoo, mzee! Tulijua mwaka huu mmetutosa," alisema mmoja wao, bwana mwenye gambuti, tayari anavuta mpira wa maji. "Mama, sogea kidogo, tupige maji chapchap."

Niligusa habu, nikarudisha mkono haraka. Ilikuwa inachoma. Mteremko ulikuwa umefanya kazi yake, breki zimefanya yake, na pampu ilikuwa imeshawashwa. Nikasimama mbele ya gurudumu, nikatanua kanga yangu pande zote mbili.

"Hapa hapapigwi maji."

"Ah, mama! Lina vumbi hilo. Mtaingiaje Chunya hivyo?"

"Hivi hivi."

"Lakini mzee mwenyewe anataka. Mcheki."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameteremsha kioo na ametoa mkono wa kushoto nje, anawaelekeza kama miaka yote: waanze na magurudumu. Nilikwenda dirishani.

"Ukitaka tungoje lipoe, tutangoja," nikamwambia. "Tutachelewa, tutakosa nafasi nzuri mnadani, tutapewa kona ya mbuzi, sawa. Lakini likiwa la moto, hapana. Nimekuonyesha kwa macho yako. Yule mtoto yuko Iringa anasubiri kusikia linalia, na likilia litawekwa juu ya matofali, na mimi sitaki! Unanisikia? Sitaki!"

Nilikuwa napiga kelele. Waosha magari, kwa adabu zao, walizima pampu wakajifanya wanakunja mpira. Mume wangu alitazama kioo cha pembeni, ambako aliweza kuliona gurudumu na vumbi lililolifunika. Nilijua ninachomwomba ni kigumu. Nimeolewa naye nikiwa msichana, na sijapata kumwona akiingia mahali akiwa mchafu, hata msibani, hata hospitali. Siku aliyoanguka alitaka kwanza abadilishwe shati.

"Wape... tambara," akasema mwishowe.

"La nini?"

"Wafute kioo. Tuone njia." Akaanza kupandisha dirisha. "Twende."

Nilitaka kumbusu pale pale. Si desturi yetu mbele za watu, kwa hiyo nikamkaripia avae mkanda vizuri.

Tuliingia Chunya wekundu kuanzia bampa mpaka juu ya paa. Mteja wetu wa siku nyingi, mama mmoja mkulima wa tumbaku, alituzunguka akatutazama, akapiga makofi. "Jamani! Leo mmekuja mmefanana na sisi," akasema, akanunua doti kabla hatujafungua hata mlango. Biashara ilikuwa nzuri. Nilishona mpaka vidole vikawa vigumu. Mume wangu alikaa chini ya turubai kwenye kiti, watu wakaja kumsalimia na kumpa pole, naye akawaitikia mmoja mmoja. Asubuhi kabla ya wateja nililala chali chini ya tela kukagua kama sili zinavuja. Zilikuwa kavu.

Njiani kurudi hatukuosha popote. Tulipofika Makambako, mahali ambapo sauti huanza, nilizima redio nikafungua dirisha. Nilisikia upepo na matairi. Tukapita Mafinga, nikasikia upepo na matairi. Tulipopita Ifunda, pale tulipowahi kukwama, nilipiga vigelegele peke yangu nimeshika usukani, mpaka lori lililokuwa linatupita likanipigia honi.

Mwanangu alikuwa getini. Aliinamisha kichwa kusikiliza tela likiingia uani, na halikusema kitu. Hakuridhika, ni mtoto wangu. Alileta jeki, akainua upande mmoja, akalizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka kimya kwa muda mrefu mno. Akainua upande wa pili, ikawa vile vile. Akajifuta mikono, akachukua simu, akampigia yule bwana wa chipsi mbele yangu akamwambia atafute tela jingine.

"Sawa, mama," akasema. "Umenishinda."

Nilipika wali na kuku wa kienyeji. Tulikuwa tunakula, sisi watatu, nami nikapanga kwa sauti jinsi mwakani tutakavyoirudia Mgololo, na jinsi ya kumwekea mzee kiti chenye mto. Mume wangu aliweka kijiko chini.

"Mimi... sitaenda tena," akasema.

Nilidhani ulimi umemponyoka. Nikamwambia arudie.

"Tela lisiuzwe. Mimi... basi."

Niliinuka. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo najua majirani waliisikia, grisi yote ile niliipaka kwa ajili ya nani, na kelele za kijitoni nilizipiga kwa ajili ya nani, na mtoto nimegombana naye kwa ajili ya nani. Alingoja nimalize. Ana uzoefu. Kisha akaanza kusema, pole pole, mwanangu amemwinamia kuyashika maneno. Alisema jua la Chunya lilikuwa linamuumiza kichwa. Alisema kila aliyekuja kumpa pole alimkumbusha mkono wake. Alisema mguu haukulala hata siku moja, na kila jioni alitamani kitanda chake cha Kihesa. Tangu aanguke hakutaka kwenda tena. Hata siku ile ya mnunuzi hakutaka.

"Kwa nini hukusema?" Nilikuwa bado nimesimama. "Kwa nini hukusema, mzee?"

"Ulikuwa... unaimba."

"Nani?"

"Wewe. Chini ya tela. Una grisi... mpaka hapa." Akagusa kiwiko chake.

"Mimi siimbi."

"Unaimba, mama," alisema mwanangu, hakuniangalia. "Hata ulipokuwa unanipigia simu kutoka njiani. Ulikuwa unasahau kukata."

Nilikaa. Nilikuwa nimepigana na mwanangu, na mnunuzi, na watu wa pampu, na mume wangu mwenyewe, nikisema kila siku kwamba naipigania safari yake. Ilikuwa yangu. Yeye alikuwa ameubeba mwili unaomuuma mpaka Chunya na kurudi, akaingia mji wa watu na vumbi lake, ili kunisindikiza. Nikaivuta sahani yake, nikaanza kumchambulia nyama ya kuku.

Mwaka huu masoko yalipokaribia nilifungua habu peke yangu. Grisi ilikuwa nyeusi, safi, pande zote. Mume wangu alitazama kupitia dirishani kwa sababu uani palikuwa na jua, akaondoka kwenda kulala kabla sijamaliza. Tulikubaliana mwanangu na mkewe wahamie kwetu mpaka nirudi, na mdogo wangu anisubiri Mafinga, twende naye Chunya.

Asubuhi ya safari alinisindikiza mpaka kwenye gari, anaburuta mguu. Nilimwonyesha dawa zilipo, ingawa anajua. Nilimwonyesha tena. Kisha nikamwambia kama anataka nibaki aseme sasa hivi, nami nitashuka, na tela tutaliacha hapo liote majani.

Aliufunga mlango wangu kwa nje, kwa mkono wa kushoto, akausukuma kuhakikisha umeshika. "Nenda," akasema, na neno hilo lilimtoka zima.

Nikawasha gari. Nililia kutoka Ipogolo mpaka Tanangozi, nimeshika usukani kwa mikono miwili, na sikusimama.